Chupa ya vitamini haimtibu mtoto anayehara

MTOTO anapoanza kuhara katika mitaa ya Likoni, safari ya kwanza ya mzazi mara nyingi huwa si ya hospitalini bali ni ya duka la dawa lililo karibu na nyumbani. Hapo, baada ya maelezo mafupi juu ya kaunta, mzazi huondoka na vitu ambavyo sasa vimekuwa kama ada: dawa ya kuua vijidudu, pengine dawa ya kukaza choo, na chupa ya vitamini ya kumrudishia mtoto nguvu na hamu ya kula. Pakiti ya ORS huenda ikawemo, huenda isiwemo. Tembe za zinki ndizo huwa adimu zaidi.

Ukivipanga vitu hivyo kwa bei, chupa ya vitamini aghalabu huwa miongoni mwa vilivyo ghali. Ukivipanga kwa ushahidi wa kitaalamu kuhusu uwezo wake wa kumsaidia mtoto anayehara, mpangilio huo hupinduka juu chini. Pakiti ya unga wa chumvi na sukari huja mbele kabisa, tembe ya zinki huifuata, na chupa ya vitamini huburura mkia.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee Likoni. Kaunti ndogo hiyo, iliyokuwa na watu 250,358 kwa mujibu wa sensa ya mwaka wa 2019, imetengwa na kisiwa cha Mombasa na mkono wa bahari. Ina wadi tano, yaani Mtongwe, Shika Adabu, Bofu, Likoni na Timbwani, na ina hospitali yake ya kaunti ndogo. Lakini hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iko kisiwani, ng'ambo ya pili. Mtoto aliyezidiwa kiasi cha kupelekwa huko hana budi kuvushwa kwa feri au kuzungushwa kwa barabara ya Dongo Kundu. Muda unaopotea nyumbani mzazi akingoja dawa ya dukani ifanye kazi huongezewa muda wa njiani, na mtoto mchanga anayehara na kutapika anaweza kuishiwa na maji mwilini katika muda wa siku moja.

Maji nayo ni kisa kingine. Mabomba yanayotegemea chemchemi za Marere na visima vya Tiwi, huko Kwale, hayatoshelezi mahitaji ya wakazi wa kusini mwa kivuko. Familia nyingi hununua maji kwa mitungi ya lita 20 kutoka kwa wachuuzi wa mikokoteni, au huteka katika visima vilivyochimbwa hatua chache kutoka kwa vyoo vya shimo. Katika ardhi ya mchanga na mawe ya matumbawe, uchafu wa choo haukawii kufika kisimani. Anayesema kwamba kuhara kwa watoto ni tatizo la maji kabla ya kuwa tatizo la dawa amesema kweli. Lakini bomba jipya huchukua miaka kufika mtaani, naye mtoto anahara usiku wa leo.

Swali basi ni kile anachopaswa kupewa mtoto huyo, na kwa nini hakipati.

Neno vitamini, jinsi linavyotumika dukani, limekuwa kapu la kutilia kila kitu. Ndani yake mna mchanganyiko wa vitamini za kundi la B, C na E zinazouzwa kwa chupa. Mna Vitamini A inayotolewa kliniki. Mna zinki, ambayo si vitamini bali ni madini. Na mna chuma, ambacho nacho ni madini, kinachotiwa katika dawa za kuongeza damu. Kila kimoja kina historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa katika mwambao huu huu wa Afrika Mashariki.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Dar es Salaam. Watafiti waliwaandikisha watoto wachanga 2,400 wa akina mama wasio na virusi vya HIV, wakiwa na umri wa wiki sita hivi, wakawagawa katika makundi manne. Kundi moja lilipewa zinki kila siku, jingine mchanganyiko wa vitamini za kundi la B, C na E, jingine vyote viwili, na la mwisho likapewa dawa bandia isiyo na chochote. Walifuatiliwa kwa miezi 18. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2015: waliopewa zinki walipatwa na kuhara kwa kiwango kilichopungua kwa takribani asilimia 12, lakini waliopewa mchanganyiko wa vitamini hawakupata nafuu yoyote katika kuhara wala katika maradhi ya kifua. Yafaa iongezwe kwamba hata zinki haikupunguza vifo katika utafiti huo. Waliozoea kuzisifu dawa kupita kiasi wasiipe zinki nayo sifa isizostahili.

Utafiti huo ulichunguza kinga, si tiba. Hata hivyo unatosha kuleta shaka kuhusu dhana kwamba vitamini hizo, kwa kuwa ni chakula cha mwili, lazima zilisaidie tumbo. Ikiwa kumeza vitamini hizo kila siku kwa mwaka mmoja na nusu hakukumkinga mtoto na kuhara, ni vigumu kueleza jinsi vijiko vichache vya wiki moja vitakavyomponya.

Kinachomuua mtoto anayehara, katika visa vingi, ni upungufu wa maji na chumvi mwilini. Hapo ndipo ORS inapoingia. Utumbo wa binadamu una mlango ambao sukari na chumvi hupita kwa pamoja, na maji huzifuata. Mlango huo haufungwi na kipindupindu wala na virusi vya rota. Unaendelea kufanya kazi hata mtoto akiwa anaharisha mfululizo. Ndiyo maana maji matupu hayatoshi, na glukosi ya unga bila chumvi haitoshi pia. Mwaka wa 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh kule Bangaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutia mishipani wakati wa mlipuko wa kipindupindu, akaanza kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko huo kwa vikombe, na vifo vikashuka sana. Daktari huyo alifariki mwaka wa 2022. Idadi ya watoto waliookolewa na kikombe chake tangu wakati huo ni mamilioni kadhaa.

Hapa Pwani kuna jambo moja ambalo maelezo ya pakiti hayalitaji. Visima vingi vya karibu na bahari vina maji ya chumvi. ORS hupimwa kwa uangalifu; kuikoroga katika maji ambayo tayari yana chumvi ni kuizidisha, na chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Mzazi anapaswa kutumia maji matamu yaliyochemshwa au kutiwa dawa, kwa kipimo kile kile kilichoandikwa kwenye pakiti, bila kuigawa nusu ili ibaki ya kesho. Maji ya madafu, ambayo wazee wa Pwani wamekuwa wakiwapa watoto wenye tumbo bovu tangu zamani, si mabaya wakati wa kungoja pakiti, na ni bora mara nyingi kuliko soda au juisi ya dukani, ambazo sukari yake nyingi huzidisha kuhara. Lakini dafu si ORS.

Zinki ilikuja baadaye. Mwaka wa 1995 utafiti uliofanywa Delhi, India, ulionyesha kwamba watoto wanaohara waliopewa zinki walipona upesi kuliko wenzao. Baada ya tafiti nyingine nyingi, Shirika la Afya Duniani, WHO, na lile la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, yalitoa taarifa ya pamoja mwaka wa 2004. Kila mtoto anayehara apewe ORS ya fomula mpya, isiyo kali kama ya zamani, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa aliyetimiza miezi sita, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo.

Faida yake ni ya kadiri. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka wa 2016 ulikadiria kwamba kwa mtoto aliyepita miezi sita, zinki hufupisha kuhara kwa takribani nusu siku. Kwa mtoto mwenye utapiamlo, hufupisha kwa zaidi ya siku nzima. Kwa walio chini ya miezi sita, faida haikuonekana. Nusu siku huenda ikaonekana haba kwa mtu aliyeketi ofisini. Kwa mama anayefua nepi kwa maji ya kununua, na ambaye mtoto wake tayari amekonda, tofauti hiyo si ndogo.

Tatizo la zinki ni ladha. Huacha ukakasi wa chuma mdomoni, na baadhi ya watoto huitapika. Hili nalo lilichunguzwa Tanzania na India, miongoni mwa watoto 4,500, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2020. Waliopewa miligramu 5 au 10 walipona kwa muda usiotofautiana na wa wale waliopewa 20, lakini walitapika kwa uchache zaidi: asilimia 13.7 kwa kipimo cha 5, asilimia 15.6 kwa kipimo cha 10, na asilimia 19.3 kwa kipimo cha 20. Kwa maneno mengine, dozi iliyotumiwa tangu mwaka wa 2004 ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Mzazi asijipunguzie dozi mwenyewe kwa kusoma gazeti; muuguzi ndiye wa kuulizwa. Lakini aliyewahi kuacha kumpa mtoto tembe hizo kwa sababu alizitapika ajue kwamba wataalamu hawakuyapuuza malalamiko hayo.

Jambo jingine ni kwamba wazazi wengi huacha zinki pale kuhara kunapokoma, siku ya tatu au ya nne. Hayo ni mantiki ya dawa ya maumivu. Siku kumi zimewekwa kwa sababu mtoto anayehara hupoteza zinki nyingi kwa njia ya choo, na kuirejesha akiba hiyo ndiko kunakotarajiwa kumkinga katika miezi miwili au mitatu inayofuata.

Kisha kuna Vitamini A, ambayo ndiyo pekee katika kapu la vitamini yenye sifa za haki, ingawa sifa zenyewe ni tofauti na zinavyodhaniwa. Mwaka wa 1986, daktari Alfred Sommer na wenzake walitangaza kwamba katika vijiji vya Aceh, Indonesia, vifo vya watoto waliopewa dozi kubwa ya Vitamini A vilipungua kwa takribani thuluthi moja. Tafiti zilizofuata zilipunguza makali ya takwimu hizo. Utafiti mkubwa kuliko wote, uliohusisha watoto milioni moja kaskazini mwa India na kuchapishwa mwaka wa 2013, uliona upungufu wa asilimia 4 tu, ambao haukuweza kutofautishwa na bahati nasibu. Zikijumlishwa tafiti 47 zenye watoto wapatao milioni 1.2, jibu ni kwamba vifo hupungua kwa takribani asilimia 12, na vifo vya kuhara hupungua kwa kiwango kama hicho. Ni faida halisi pale ambapo watoto wamepungukiwa na vitamini hiyo.

Lakini hiyo ni kinga ya miezi sita kwa miezi sita. Vitamini A hukaa katika ini na kusaidia kuulinda utando wa ndani wa utumbo. Si dawa ya kuzuia choo kilichoanza jana. Kipo kisa kimoja kinachokwenda kinyume: nchini Bangladesh mwaka wa 1998, watoto wenye kuhara damu kwa sababu ya bakteria wa Shigella waliopewa dozi moja kubwa walipona kwa asilimia 45, ikilinganishwa na asilimia 20 ya wale ambao hawakupewa. Walikuwa watoto 83 tu, hospitalini. Kwa kuhara kwa kawaida, ushahidi wa namna hiyo haupo.

Hapa Kenya, Vitamini A hutolewa bila malipo katika vituo vya umma kwa watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano, kila baada ya miezi sita, na msukumo huongezwa katika wiki za Malezi Bora, mwezi wa Mei na Novemba. Kidonge laini cha buluu, chenye vizio 100,000, ni cha walio chini ya mwaka mmoja. Chekundu, chenye vizio 200,000, ni cha waliouvuka. Mzazi aliyekosa duru hiyo hawezi kuifidia kwa chupa ya dukani, na aliyeipata hana haja ya kuongeza nyingine, kwani Vitamini A ikizidi mwilini ni sumu.

Dhana kwamba kirutubisho, hata kikikosa kusaidia, hakiwezi kudhuru, ndiyo iliyoenea zaidi na ndiyo yenye hatari zaidi. Jibu lake lilipatikana kwa uchungu kisiwani Pemba. Kuanzia mwaka wa 2002, watoto zaidi ya 24,000 walishirikishwa katika utafiti wa chuma na asidi ya foliki, wengine pamoja na zinki. Mwaka wa 2003 sehemu ya chuma ilisimamishwa kabla ya muda wake. Watoto waliopewa chuma na foliki walikuwa na uwezekano uliozidi kwa asilimia 12 wa kufa au kulazwa hospitalini kuliko wasiopewa, katika kisiwa ambacho malaria ilikuwa imetanda wakati huo. Sehemu ya zinki iliendelea, na matokeo yake ya mwaka wa 2007, miongoni mwa watoto zaidi ya 42,000, yalionyesha upungufu wa vifo wa asilimia 7 ambao haukufikia kiwango cha uhakika kitakwimu.

Pemba ni mbali kidogo. Msambweni si mbali. Ni mwendo wa kuteremka barabara ya Lunga Lunga kutoka Likoni. Huko, katika Kaunti ya Kwale, watoto 115 wenye umri wa miezi sita walipewa uji wa mahindi uliotiwa unga wa virutubisho kila siku kwa miezi minne, wengine wenye chuma na wengine usio na chuma. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2014. Katika utumbo wa waliopewa chuma, bakteria waletao maradhi, wakiwemo wa jamii ya E. coli, waliongezeka, na dalili za mwasho wa utumbo zikapanda. Katika kundi la kipimo kikubwa, watoto 27 kwa kila 100 walihitaji kutibiwa kuhara, dhidi ya wapatao 8 kwa kila 100 wa kundi linganishi. Idadi ya watoto ilikuwa ndogo, na tofauti hiyo ya kuhara haikutosha kuthibitishwa kitakwimu. Lakini picha ya bakteria haikuwa na utata: chuma ambacho mtoto hakukifyonza kiliwalisha wadudu.

Hii haina maana kwamba chuma ni adui. Watoto wengi wa Pwani wana upungufu wa damu, na upungufu huo una madhara yake kwa akili na ukuaji. Watafiti walirudi Kwale na kujaribu chuma cha kipimo kidogo pamoja na aina ya sukari inayowalisha bakteria wema, na mwaka wa 2017 wakaripoti kwamba madhara yalipungua. Kinachofuata kutokana na haya ni kwamba dawa ya kuongeza damu ni ya kuandikiwa na mhudumu aliyempima mtoto, na haipaswi kununuliwa mtoto akiwa katikati ya kuhara kwa sababu tu amepauka.

Ikiwa ushahidi uko wazi kiasi hicho, mbona kaunta ya duka inasema vingine? Kenya haikukosa sera. Mwongozo wa kitaifa wa kudhibiti na kutibu maradhi ya kuhara kwa watoto ulitolewa mwaka wa 2010, nao uliweka ORS na zinki kuwa tiba. Takwimu za Uchunguzi wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya za mwaka wa 2008-09 zilionyesha kwamba hata mtoto mmoja kwa kila 100 waliohara hakufikiwa na zinki. Kufikia uchunguzi wa mwaka wa 2014, ORS ilikuwa imewafikia 54 kwa kila 100, na zinki wapatao 8. Ni hatua, lakini ni hatua ya kobe.

Jibu la haraka ambalo wengi hutoa ni tamaa ya wafanyabiashara: pakiti ya ORS haina faida, chupa ina faida. Jibu hilo linaridhisha, lakini huenda si sahihi. Mwaka wa 2024 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha wahudumu wa afya zaidi ya 2,000 katika majimbo ya Karnataka na Bihar nchini India. Walitaka kujua kwa nini wahudumu wanaoijua ORS vyema hawaitoi. Faida ya pesa ilieleza asilimia 5 tu ya tatizo, na kuadimika kwa pakiti asilimia 6. Sababu iliyoongoza, kwa asilimia 42, ilikuwa kwamba wahudumu walidhani wagonjwa hawaitaki. Mgonjwa aliyeitaja ORS mwenyewe alipewa kwa wingi zaidi.

India si Likoni, na duka la Shika Adabu si zahanati ya Bihar. Hata hivyo kisa hicho kinafahamika kwa yeyote aliyesimama kwenye foleni ya duka la dawa. Muuzaji anadhani mama amekuja kutafuta dawa kali; mama anadhani muuzaji, aliyesomea, angempa unga wa chumvi kama ungekuwa dawa. Kila mmoja anamheshimu mwenzake kimakosa. ORS haisaidii hapo, kwa kuwa haizuii choo. Mtoto huendelea kuhara huku akiokoka, na jambo hilo halifanani na kupona. Dawa ya kukaza choo hufanya kinyume chake: huficha choo na kuacha maradhi ndani, na ndiyo sababu haipaswi kupewa mtoto mdogo. Viuavijasumu navyo vina nafasi yake, hasa kwenye kuhara damu na kipindupindu, kwa agizo la daktari.

Haitakuwa haki kuwatwisha wazazi mzigo wote. Mgomo wa wauguzi wa mwaka wa 2017 ulidumu miezi mitano na kuacha zahanati nyingi za umma zimefungwa au bila wahudumu. Mzazi aliyezoea kukuta mlango umefungwa hujifunza njia ya dukani, na mlango ukifunguliwa hasahau. Wapo pia waliofika kituoni wakaambiwa wakanunue dawa nje. Vidonge vya Vitamini A, kwa miaka mingi, vimetegemea ufadhili wa nje, hasa wa Canada. Na hatua ya Marekani ya kusimamisha misaada yake mnamo Januari 2025 iliwakumbusha maafisa wa afya kote nchini kwamba kitu kinachotolewa bure na mgeni kinaweza kuondoka na mgeni.

Kuna mambo yaliyofaulu bila kelele. Chanjo ya virusi vya rota, ambayo ni matone ya mdomoni, ilianza kutolewa nchini mwezi wa Julai 2014, na katika hospitali ya Kilifi, ambako watafiti wamekuwa wakiwahesabu wagonjwa kwa miaka, idadi ya watoto waliolazwa kwa sababu ya virusi hivyo ilipungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna chupa ya vitamini iliyowahi kukaribia matokeo hayo.

Kwa tiba yenyewe, jirani zetu wamejaribu njia rahisi. Nchini Zambia, kuanzia mwaka wa 2012, ORS na zinki ziliwekwa katika kifurushi kimoja na kuuzwa kupitia vioski vya vijijini. Katika maeneo ya majaribio, matumizi ya vyote viwili yalipanda kutoka chini ya asilimia moja hadi asilimia 45. WHO iliweka kifurushi cha namna hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka wa 2019. Hoja yake ni nyepesi: muuzaji hawezi kutoa kimoja akasahau kingine, na kifurushi chenye jina na picha hufanana na dawa.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2019, wahudumu wa afya wa vijijini walipeleka ORS na zinki bila malipo hadi nyumbani kabla mtoto hajaugua. Kuhara kulipotokea, watoto 77 kwa kila 100 walipewa ORS, ikilinganishwa na 56 kwa kila 100 katika vijiji ambako wazazi walingoja kwenda kutafuta wenyewe. Pakiti iliyokuwa tayari rafuni ilimwondolea mzazi safari na mashauriano ya kaunta.

Likoni haina uhaba wa watu wa kuifanya kazi hiyo. Wahudumu wa afya ya jamii ni miongoni mwa wale wapatao 100,000 ambao serikali iliwazindua kote nchini mwezi wa Septemba 2023 na kuwakabidhi mikoba ya kazi. Ndio wanaojua ni nyumba ipi ya Timbwani yenye mtoto wa miezi minane na ni kisima kipi cha Mtongwe kilichoingiliwa na maji ya choo. Kinachobaki ni uamuzi wa bajeti: nani atanunua pakiti hizo na kuzipeleka kabla ya mvua za masika, wakati kuhara kunapozidi. Wiki za Malezi Bora hurudi kila Mei na Novemba, na wahudumu hupita vituoni na katika shule za chekechea wakiwa na vidonge vya buluu na vyekundu. Pakiti mbili za ORS na tembe kumi za zinki zingeingia katika mkoba huo huo.